Mrejesho: shokapu za kurekebisha urefu, kugonga kumekwisha

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu shokapu za kurekebisha urefu nilizofunga mwenyewe nyumbani: mbele kulia zinagonga "ko, ko" kila nikipita kwenye tuta, na upande huo uko juu kuliko kushoto kwa milimita 12.

Aliyesema nianze na nati ya juu ya shokapu alipiga penyewe. Nilifungua boneti, mdogo wangu akazungusha usukani huku nimeweka kidole juu ya shafti, ile fimbo ya shokapu inayoshikwa na nati hiyo. Inacheza! Kumbe nilipokuwa nakaza, shafti ilizunguka pamoja na nati, nami nikadhani imefika mwisho. Safari hii niliishikilia shafti kwa ufunguo wa L, nikakaza nati kwa spana ya ringi. Kimya.

Urefu nilipima vibaya. Nilianzia sakafuni, na sakafu yenyewe imeinama. Kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, tofauti ni milimita 3 tu. Nikairekebisha kwa ringi ya chini ya shokapu, maana ile ya juu, inayobeba springi, hubadilisha mkazo wa springi.

Boliti za mkono wa chini (ule unaoshikilia gurudumu kwenye chasisi) nazo nimezilegeza na kuzikaza upya gari likiwa limekalia matairi. Ukizikaza gurudumu linaning'inia, bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, hubaki zimejipinda na kuchanika mapema. Karatasi ya maelekezo haikugusia hilo, ilikuwa na picha mbili tu.

Alaimenti (kunyoosha magurudumu) nimefanya jana, usukani umenyooka. Nyuma bado ngumu kidogo, kesho nalegeza kitufe cha ugumu cha shokapu kwa kliki mbili.