Mjadala: Kampuni inanunua bia usiku, asubuhi inapuliza watu alkoblo (kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi). Anayenaswa afutwe?

Hoja, kwa sheria za Kenya: kiwanda kimeandaa sherehe Alhamisi usiku, bia bure. Ijumaa saa mbili asubuhi, kifaa kipo getini. Anayepatikana na chochote anafutwa papo hapo.

MSIMAMIZI WA ZAMU: Afutwe. Foko-lifti, gari la kunyanyua mizigo, haijui bia ilinunuliwa na nani. Kwa dereva na mtu wa mashine ya kukata, kiwango kiwe sifuri.

KATIBU WA TAWI (la chama cha wafanyakazi): Bwana Msimamizi, piga hesabu kwanza. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi. Mwili huondoa kama gramu 7 hadi 8 kwa saa, wengine chini ya hapo. Bia tano kuanzia saa mbili usiku ni gramu 100, basi saa mbili asubuhi bado nyingine zimo. Kahawa na maji baridi haziharakishi kitu. Mwajiri aliyepanga saa zote hizo alitarajia nini?

WAKILI: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44(4)(b), inataka ulevi wa saa za kazi unaomfanya mtu asitake au asiweze kufanya kazi yake sawasawa. Namba ya kifaa peke yake haijathibitisha hilo. Andikeni alivyotembea, alivyozungumza, alichoshindwa kufanya. Halafu kuna kifungu cha 41: aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, asikilizwe. Kumfuta getini ni kujitafutia kesi.

FUNDI WA VIPIMO: Na hiyo namba yenyewe inaweza kuwa mbovu. Dawa ya kusukutulia mdomo huweza kuwa na pombe, na mabaki ya mdomoni hupandisha kipimo. Msubirishe dakika 15 bila kula wala kunywa, badilisha mrija wa kupulizia, pima tena, andika vipimo vyote viwili na saa. Kifaa kisichosawazishwa (kukaguliwa usahihi wake) kwa wakati kitapingwa mara moja.

MSIMAMIZI WA ZAMU: Haya, kumfuta nimerudi nyuma. Lakini kwenye mashine hapandi, hata mkisubiri dakika 15 mara kumi. Apelekwe nyumbani kwa gari la kampuni.

KATIBU WA TAWI: Kwa mshahara wa siku hiyo? Maana bia ilikuwa yenu. Ama sherehe ihamishwe Jumamosi, na wasiokunywa pombe nao wasiachwe na soda moja huku vyeo vikigawiwa wanywaji kaunta.