Vijisenti, hela ya mboga, na fomu ya mali ambayo mwananchi haruhusiwi kuisoma

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za zamani za Escrow, ile akaunti ya Benki Kuu iliyochotwa. Sikuja kuuliza nani alikula na nani alinawa. Kinachonikera ni jinsi hela nyingi zinavyomharibia mtu mizani kichwani, halafu sheria inamfungia mlango mwananchi asije akaiona mizani yenyewe.

Anzeni na maneno yao. Aprili 2008 gazeti la Uingereza lilipoandika kwamba Andrew Chenge, wakati huo waziri wa miundombinu wa Tanzania, ana zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya kisiwa cha Jersey, yeye aliziita vijisenti. Litazameni neno lenyewe. Senti tayari ni kitoto cha shilingi. Ukisema kijisenti umekidogosha kilichokwisha kuwa kidogo. Na hapo tunaongelea zaidi ya shilingi bilioni moja kwa kiwango cha mwaka ule! Alijiuzulu uwaziri. Kwa haki yake niseme: alikana kosa, na katika suala la ununuzi wa rada, ambalo akaunti hiyo ilihusishwa nalo, hakuhukumiwa kwa lolote.

Rada yenyewe iliigharimu nchi pauni milioni 28. Desemba 2010 kampuni ya Uingereza ya BAE, iliyotuuzia, ilikiri mbele ya mahakama ya London kwamba haikutunza kumbukumbu sahihi za malipo yaliyokwenda kwa wakala wake, dola milioni 12.4, karibu theluthi ya bei. Faini ilikuwa pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwetu zikanunua vitabu na madawati. Sisi tukaziita "chenji ya rada", tukacheka, tukaendelea. Mnaona? Ugonjwa wa kudogosha ulishatuambukiza na sisi tuliokuwa tunaibiwa.

Halafu likaja sakata la Tegeta Escrow. Kwa vijana ambao hawakuwepo: IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme, ilisaini mkataba mwaka 1995, mtambo wa megawati 100, na Tanesco, shirika la umeme la taifa, ikawa inalipa "gharama za uwezo" kila mwezi, umeme uzalishwe usizalishwe. Gharama hizo zilikokotolewa kwa mtaji ambao wenye kampuni walidai wameuweka. Tanesco ikasema mtaji huo haupo, tunalipishwa zaidi. Ndiyo maana 2006 ikafunguliwa akaunti ya Escrow Benki Kuu: weka hela hapa mpaka hesabu ipigwe upya. Mwishoni mwa 2013 hela zikatolewa hesabu haijapigwa. Februari 2014 baraza la usuluhishi la kimataifa likasema hesabu inapaswa kurudiwa. Februari hiyo hiyo, mgawo ukawa unaendelea katika Benki ya Mkombozi.

Sasa chukueni kikokotoo. Kampuni ya VIP, ambayo mwenye nayo ndiye aliyegawa hela hizo, iliuza hisa zake, asilimia 30 ya IPTL, kwa dola milioni 75. Katika orodha ya waliogawiwa, iliyosomwa bungeni, kuna waliopata milioni 40.4, kuna milioni 80.9, kuna bilioni 1.617. Namba zimekaa kama mtu amepiga hesabu za umeme na kodi mpaka senti ya mwisho, sivyo? Gawanyeni kwa kiwango cha dola cha siku zile, shilingi 1,617 hivi. Mnapata dola 25,000, dola 50,000, na dola milioni moja kamili. Haya ni mafungu. Mtu alikaa, akakata: wewe robo ya laki, wewe nusu ya laki, wewe milioni. Mwanasiasa, jaji na kiongozi wa dini wakawekwa kwenye karatasi moja na kupangiwa bei, na kati ya fungu la chini na la juu ni mara 40.

Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa waziri wa ardhi, alisema ile bilioni 1.6 aliyopata ilikuwa mchango wa shule, na hilo ndilo alilosimamia. Rais alimwondoa Desemba 2014. Lakini mbele ya Baraza la Maadili mwaka 2015 ndipo taifa lilipopata msamiati mpya: milioni kumi alizozitoa benki kwa ajili ya mboga. Mchicha wa elfu moja kila siku, bila kuruka Ijumaa wala Krismasi, ni miaka 27. Siamini kabisa kwamba alikuwa anatania, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mwenye kuzoea namba za aina hiyo hasikii tena kwamba ametukana mtu.

Sasa sheria. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, inamtaka kiongozi atangaze mali ndani ya siku 30 baada ya kushika madaraka, kisha kila mwisho wa mwaka, kisha anapoondoka. Kwenye karatasi inapendeza. Fomu inakwenda kwa Kamishna wa Maadili, ambaye anateuliwa na Rais. Wewe ukitaka kuisoma, kanuni za 1996 zinasema kwanza uwe umewasilisha lalamiko. Kamishna aridhike kwamba lalamiko ni la kweli na la nia njema. Ndipo ulipe shilingi 1,000 uone daftari. Na ulichokiona, usikitangaze.

Rudieni hapo. Ili uone mali, lazima ulalamike kwanza. Ili ulalamike kwa maana, lazima uwe umeziona. Huu ni mlango unaofunguka kwa ufunguo uliofungiwa ndani.

Mchomoa Nondo: Wivu tu, mkuu. Mtu kuwa na hela si kosa. Mlitaka viongozi wawe masikini ndiyo mheshimu?

Mleta uzi: Hakuna aliyesema awe masikini. Nimesema fomu isomwe. Kama ni halali, anaogopa nini nikiisoma?

Bibi Faili: Naongeza pale mleta uzi alipoacha. Fomu inahusu kiongozi, mwenzi wake, na watoto wadogo ambao hawajaoa au kuolewa. Basi. Kwa hiyo njia haihitaji hata wakili mzuri: kiwanja jina la kaka, hisa jina la mtoto wa miaka 24, nyumba jina la kampuni ambayo mkurugenzi wake ni shemeji. Tarehe 31 Desemba unajaza gari mbili na shamba la ekari kumi, unasaini kwa raha zako. Mhakiki akija anahakiki kile ulichoandika. Usichokiandika hana pa kukiona, labda ajipangie safari ya kwenda Jersey.
Na mjue hatukuwa hivi. Azimio la Arusha, 1967, lilikuwa na masharti mafupi kuliko bandiko hili: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na likasema wazi kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au na mumewe. Mwaka 1991 kikao cha CCM cha Zanzibar kikayalegeza. Miaka minne baadaye ndiyo tukapewa fomu.

Mchomoa Nondo: Na Azimio lilitupa foleni za sukari. Usilisifie.

Bibi Faili: Foleni za sukari hazikuletwa na sharti la mishahara miwili.

Kibatari: Msisahau takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu mgombea "kuwakirimu" wapiga kura. Mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta Aprili 2006, uchaguzi mkuu mara mbili ulikuwa umepita, na mtu wa kijijini ameshafundishwa kwamba mgombea asiye na pilau hana heshima. Ndiyo maana mwenye vijisenti alirudi bungeni 2010, akarudi 2015, na 2016 akawa mmoja wa wenyeviti wa Bunge. Wapiga kura wake hawakudanganywa. Walijua.

Mleta uzi: Asante Kibatari, hilo linauma kuliko yote niliyoandika. Katika orodha nzima ninayemkumbuka aliyerudisha hadharani ni William Ngeleja, waziri wa zamani wa nishati, milioni 40.4 kwenda TRA, mamlaka ya mapato, Julai 2017. Miaka zaidi ya mitatu zimekaa. Na aliyerudisha ni wa fungu la dola 25,000. Kutoka fungu la milioni, nasubiri.