Mawakala wa vifaa vya vipimo, acheni kutuuzia adapta zisizofanya kazi halafu mnatuambia "nunua mpya"

Wakuu, habari za mchana. Leo nina hasira na sitazificha, maana hili jambo limetugharimu msimu mzima wa vipimo.

Kuna kadi za kunasa data zinazochomekwa ubavuni mwa laptopu, zile za PCMCIA, upana wake kama kadi ya benki ila unene ni milimita 5. Yetu ina chaneli 16, inapima kwa biti 12 (ndiyo idadi ya ngazi inazogawia kipimo), inachukua hadi sampuli 200,000 kwa sekunde. Tunaitumia kupima joto ndani ya vikaushio vya jua vya maembe na dagaa. Unabeba laptopu hadi kijijini, unachomeka kadi, unafunga nyaya za thamokapo (vihisi joto vinavyotoa volti ndogo sana), unapima hata pasipo na umeme. Kadi yenyewe ni nzima mpaka dakika hii ninapoandika. Kilichokufa ni laptopu, iliungua madabodi.

Nikaenda kwa wakala mmoja hapa Dar, kadi nikiwa nayo mkononi. Nikamweleza kwamba laptopu tuliyopata ina tundu la ExpressCard, aina ya baadaye isiyopokea kadi ya PCMCIA moja kwa moja. Akaishika kadi, akaigeuza, akasema ipo adapta, "hii inaingia bila shida." Tukalipa. Kufika ofisini, kadi inaingia kweli, lakini Windows haioni kitu chochote.

Jamani, adapta ile inatoa CardBus tu, yaani toleo la PCMCIA linalowasiliana na laptopu kwa biti 32. Kadi yetu inawasiliana kwa biti 16 (hizi si zile biti 12 za kupimia). Na hilo halihitaji vipimo wala digrii, linaonekana kwa macho: kadi ya CardBus ina kibati cha rangi ya dhahabu chenye vinundu vidogo juu ya kiunganishi, ya biti 16 haina. Mtu anauza vifaa hivi kila siku, ameishika kadi kwenye mwanga wa duka lake, na bado anachukua pesa ya mteja! Nilipoirudisha nikajibiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi.

Tukahangaika tukapata laptopu ya zamani yenye sloti yenyewe ya PCMCIA. Ilikuja na Windows ya biti 64. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha, ni ya biti 32, na draiva ya namna hiyo haiwezi kupanda kwenye Windows ya biti 64 hata ufanye nini, hakuna kitufe cha kubonyeza kikakubali. Fundi wa wakala yuleyule akaja, akapiga Windows upya, ileile ya biti 64, akatoza hela na kuondoka. Sisi wenyewe ndio tuliokuja kuweka ya biti 32, na kadi ikaamka hapohapo.

Sasa sikilizeni hili. Fundi akarudi kutuwekea programu ya kupimia. Grafu ikawa mstari ulionyooka, joto halipandi wala halishuki. Akatangaza thamokapo zote zimeungua, tununue seti mpya. Nikafungua mipangilio, nikakuta ameweka kipimo cha volti 10 hasi hadi 10 chanya. Kadi ya biti 12 inagawa volti hizo 20 katika ngazi 4,096, kwa hiyo kila ngazi ni karibu milivolti 4.9. Thamokapo ya aina K inatoa takriban maikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Kikaushio kikitoka nyuzi 30 kikafika 60, ishara inaongezeka milivolti 1.2 tu, haifikii hata ngazi moja! Nikashusha kipimo hadi milivolti 50 hasi na chanya, ngazi ikawa maikrovolti 24, yaani kama nusu nyuzi hivi, na thamokapo "zilizoungua" zikaanza kusoma vizuri zote. Huyu ndiye mtaalamu anayetozwa kwa saa.

Na bado namba zilikuwa zinarukaruka kila chaja ikichomekwa. Ukiichomoa zinatulia. Wakala anasema kadi imechoka. Kadi haijachoka! Chaja ya pini mbili haina ethi, umeme kidogo wa hertsi 50 unavuja kupitia kapasita za ndani yake, bodi ya nje ya laptopu inaelea, yaani haijaunganishwa na ardhi, hata ukiigusa unahisi inatetema. Pima kwa betri, funga thamokapo kwa mtindo wa difarensho (kadi inasoma tofauti kati ya waya chanya na waya hasi), weka rezista ya kati ya kilo-ohmu 10 na 100 kutoka waya hasi kwenda graundi ya kadi. Tumefanya hivyo na tatizo limekwisha. Rezista ni bei ya pipi. Yeye alituandikia ankara ya kifaa kipya cha USB.

Watengenezaji nao hawaponi. Wanaacha kutoa draiva, na maelezo ya ndani ya kadi wanayakalia, kana kwamba chombo kilichonunuliwa kwa fedha za kigeni na maabara ya nchi maskini kina tarehe ya kuisha kama maziwa. Wasituambie haiwezekani. Kwenye Linux kuna mradi wa Comedi, watu wamejitolea kuandika draiva za kadi nyingi za aina hii. Kama watu wa kujitolea wameweza, mwenye michoro yote anashindwa nini? Ukiacha kuihudumia kadi, toa maelezo yake hadharani, wengine waihudumie.

Na ninyi wa manunuzi vyuoni, kabla hamjasaini, mlazimisheni muuzaji aandike kwenye ankara: kadi inawasiliana na laptopu kwa biti 16 au 32, draiva inakubali Windows ipi, na ataijaribu kwenye laptopu yenu mkiwa mmesimama pale. Akikataa, ondokeni.

Mwenye laptopu ya zamani yenye sloti ya PCMCIA inayofanya kazi asiiuze chuma chakavu, anicheki PM tuongee bei, nahitaji ya akiba. Na wewe wakala, najua humu unapita: pesa ya adapta bado naidai, na risiti ninayo.