Skripti yangu imefuta picha bila kutoa kosa lolote: nitajuaje kama skripti zangu za kazini ni salama?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni msanidi programu ninayefanya kazi peke yangu katika kitengo kidogo, na kwa miaka miwili nimejitahidi kuiachia kompyuta kila kazi inayojirudia: nakala rudufu za hifadhidata huchukuliwa usiku na cron, programu inayoanzisha kazi kwa ratiba, ripoti ya juma hujipanga na kutumwa bila mkono wangu, na majaribio ya msimbo huanza yenyewe kila ninapoingiza mabadiliko kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo. Hesabu iliyonisukuma ilikuwa nyepesi. Kazi ya dakika 5 kila siku, katika mwaka wenye siku 250 za kazi, hula dakika 1,250, yaani karibu saa 21, na saa hizo nilizitaka kwa ajili ya kupiga picha za ndege, jambo ninalolipenda kuliko yote nikiwa nje ya kazi.

Juma lililopita niliandika skripti (orodha ya amri zinazotekelezwa kwa mfuatano) ya Bash, lugha ya amri za kompyuta, inayosoma tarehe na saa iliyohifadhiwa ndani ya kila picha, kuipa picha jina la wakati huo hadi sekunde, kisha kuihamishia kwenye folda yake. Sasa, ndege anaporuka kamera yangu hupiga picha 10 kwa sekunde moja. Zote 10 zilipata jina lilelile, amri ya mv, inayohamisha faili, ikaiweka kila moja juu ya iliyotangulia bila kuuliza, nami nikabakiwa na ile ya mwisho tu. Hakukuwa na ujumbe wowote wa kosa, na kadi ya kamera nilikuwa nimekwisha kuifuta.

Nimeumia, lakini linaloninyima usingizi ni kazi ya ofisini. Ni skripti ngapi kule zinazofanya vivyo hivyo huku nikiamini kwamba mambo ni shwari? Je, zipo kazi zisizofaa kabisa kuachiwa mashine?

Jibu la kwanza

Pole sana. Kabla ya yote, iweke kadi hiyo kando na usipige nayo picha nyingine hata moja. Kufuta kwa kawaida huondoa orodha ya mahali faili zilipo, si data yenyewe, kwa hiyo programu kama PhotoRec inaweza kuzirudisha picha nyingi mradi hazijaandikiwa juu.

Kuhusu skripti, mv haikukosea kwa hesabu zake. Iliagizwa kuhamisha, ikahamisha. Chaguo la -n lingeizuia kuandika juu ya faili iliyopo, lakini dawa ya kweli ni kutoa jina lisiloweza kugongana. Ongeza mwishoni namba ya faili iliyotolewa na kamera, au sehemu ya sekunde ambayo kamera nyingi huihifadhi pamoja na saa. Kisha anza kwa kunakili badala ya kuhamisha, hesabu faili za pande zote mbili, na usifute chochote hadi hesabu zilingane.

Jibu la pili

Swali lako la ofisini ndilo zito zaidi, na waliokutangulia kulijibu kwa machungu ni GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa wasanidi programu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kwenye seva kuu. Walipozigeukia nakala rudufu zilizokuwa zikichukuliwa na mashine, hawakuzikuta: programu ya pg_dump iliyotumika kutoa nakala za hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa kila mara. Barua pepe za kuwaarifu zilitumwa, ila seva ya kupokea barua ilizikataa kwa kuwa hazikuwa na saini inayotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono takriban saa 6 kabla ya ajali, kwa sababu nyingine kabisa. Nawaheshimu sana kwa kuyaeleza hayo yote hadharani, maana wengi wetu tumejifunza kwao bila kulipa gharama waliyolipa.

Hapo pana jambo ninalokuomba ulishike: usiitegemee skripti ikuambie kwamba imeshindwa, kwa sababu iliyokufa haisemi. Geuza mpango huo. Skripti ipeleke habari ya kufanikiwa kwenye mfumo ulio nje ya seva hiyo, na mfumo huo ndio upige kelele habari isipofika kwa wakati.

Kisha fungua skripti zako zote utafute alama ya bomba (|), inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine. Katika Bash, amri kadhaa zikiungwa kwa bomba, matokeo yanayohesabiwa ni ya amri ya mwisho pekee. Ukiandika pg_dump halafu bomba halafu gzip, programu ya kubana faili, pg_dump inaweza kuanguka papo hapo na gzip ikabana utupu kwa mafanikio kamili, ukapata faili nzuri yenye jina na tarehe sahihi isiyo na kitu ndani. Mstari wa «set -euo pipefail» mwanzoni mwa skripti huondoa hatari hiyo, kwa kuisimamisha skripti amri yoyote ya bomba inaposhindwa. Usisahau pia kwamba cron huendesha kazi katika mazingira machache kuliko ya dirisha lako la amri, hasa PATH, orodha ya mahali amri hutafutwa, ndiyo maana skripti iliyofanya kazi mchana mbele yako hugoma usiku.

Jibu la tatu

Naongezea kuhusu kazi zisizofaa kuachiwa mashine. Mwaka 1983 mtafiti Lisanne Bainbridge alionyesha kwamba kadiri mitambo inavyojiendesha, ndivyo mwendeshaji anavyopoteza ustadi wa mikono, ilhali ndiye anayeitwa pale mambo yanapokuwa magumu kupita kawaida. Kwa sababu hiyo mimi hurejesha hifadhidata kwa mkono mara moja kwa mwezi kwenye seva ya majaribio. Inanigharimu nusu ya asubuhi, na sijawahi kuijutia.

Na kwa ndege wako, iachie mashine kazi ya majina na folda, lakini kuchagua picha ipi ibaki kati ya zile 10 usiiachie. Jicho lako hukua hapo, unapolinganisha bawa na bawa. Nadhani hiyo ndiyo saa uliyokuwa ukiitafuta tangu mwanzo.

Muulizaji

Nawashukuru nyote kwa dhati. PhotoRec imerudisha sehemu kubwa ya picha, na leo nimezipitia moja baada ya nyingine kama nilivyoshauriwa.

Habari ya ofisini si njema. Skripti yangu ya usiku ilikuwa na bomba lilelile mlilolieleza. Tangu tulipopandisha toleo la hifadhidata, siku 9 zilizopita, kila faili ya nakala rudufu ina baiti 20 tu, ambao ndio ukubwa wa gzip iliyobana utupu. Nimemweleza mkuu wangu wa kitengo jambo hili mwenyewe, bila kusubiri aligundue. Nimechukua nakala kamili kwa mkono jioni hii, na kesho asubuhi nitairejesha kwenye seva ya majaribio na kuhesabu safu za kila jedwali kabla sijagusa kazi nyingine yoyote.