64GB yenye hedfoni ndani ya boksi, au 128GB isiyo nazo? Ya kusikilizia muziki kwenye daladala

MtuWaMbagala
Wakuu, habari za mihangaiko. Simu yangu imezama kwenye ndoo ya kufulia na haikuamka tena. Nina laki tatu na kidogo. Jana nimezunguka Aggrey pale Kariakoo mpaka nyayo zikawaka moto, zimebaki simu mbili kichwani. Ya kwanza 64GB, ndani ya boksi kuna hedfoni za waya, na programu ya muziki ya Boomplay imeshawekwa toka kiwandani. Ya pili 128GB, boksi lina chaja na waya wake basi. Ya pili imezidi elfu tano tu.

Kazi yake kubwa ni muziki njiani, Mbagala–Posta na kurudi, ukijumlisha foleni ni saa tatu kwa siku. Singeli, zilipendwa kidogo, na mpira redioni. Bando langu ni la kuungaunga. Muuzaji ananisukumia ile ya hedfoni, eti "hapo umepata vitu vitatu kwa bei ya kimoja". Nakaribia kuingia mkenge au yuko sahihi?

FundiMwenge
Umepata kimoja, mkuu. Boomplay unaishusha bure Play Store kwenye Android yoyote. Unaikuta imewekwa kwenye TECNO, Infinix na itel kwa sababu ilianzia kwenye ukoo huohuo wa Transsion, kampuni mama ya simu hizo, Nigeria, 2015. Sio kwamba simu nyingine haziiwezi.

Hizo hedfoni za boksi nazijua, zinaletwa mezani kwangu kila wiki. Plastiki ngumu, hazina mpira wa kuziba sikio, waya mwembamba unaokatikia pale unapoingia kwenye pini. Zisokote mfukoni miezi michache, upande mmoja unakufa. Chukua 128GB, hedfoni utanunua baadaye.

BabuKijiwe
Fundi, kijana kasema mpira redioni, wewe umepita juu kwa juu. Kwenye simu nyingi waya wa hedfoni ndio antena ya redio. Usipochomeka, simu inakuambia uchomeke kwanza. Hivi vidude vya Bluetooth havisaidii hapo, antena havina. Mimi Jumamosi nasikiliza mechi mbili mfululizo na bando halipungui hata chembe.

Kwa hiyo wanangu msidharau waya. Na wewe wa Mbagala, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji afungue redio uisikie. Siku hizi kuna simu hazina redio kabisa, na boksi halikwambii.

FundiMwenge
Shikamoo mzee. Hapo umenikamata. Ila waya wowote wa hedfoni unafanya kazi ya antena, hata wa kuokota. Sio lazima uwe wa kwenye boksi.

DadaHesabu
Mnabishana waya, mtu kasema bando ni la kuungaunga! Tupige hesabu.

Spotify, programu ya kusikiliza muziki mtandaoni (ilifika kwetu na Kenya Februari 2021), ubora wake wa kawaida ni kilobiti 96 kwa sekunde. Hiyo ni kama MB 43 kwa saa. Saa tatu kwa siku, siku 26 za kazi: GB 3.4 kwa mwezi, muziki peke yake. Ukishusha hadi kiwango cha chini kabisa, kilobiti 24, unatumia kama MB 850 mwezi mzima, lakini sauti inakuwa kama mtu anaimbia ndani ya debe. Ukiwa hulipii hupakui nyimbo, na matangazo juu.

Wanaosema "nasikiliza YouTube" ndio wananichekesha. Unalipia picha ambayo huitazami, na ukizima kioo wimbo unakata mpaka ulipie. Kwenye daladala simu iko wazi mkononi, dirishani. Mnawarahisishia watu kazi.

Kwa asiyelipia naona hivi. Audiomack inakuruhusu kupakua bure nyimbo nyingi na kuzisikiliza bila intaneti, ingawa nyingine zina mipaka. Unashusha nyumbani au kwenye WiFi ya kazini, njiani hutumii kitu. Boomplay kwa nyimbo za Afrika Mashariki imejaa kweli, singeli humo hazikosekani, ila ukitaka kupakua kwa uhuru ni usajili, na usajili ukiisha ulivyopakua vinafungwa. Vinakaa ndani ya programu, huwezi kumrushia mwenzako. Mdundo iliyoanzia Kenya unapata faili la MP3 kabisa, la kwako, ila tangazo limeshonewa mwanzoni mwa wimbo. Mimi nimelizoea, mume wangu anashindwa.

Ukiwa na MP3 zako mwenyewe weka VLC, programu ya kuzipigia. Bure, haina matangazo.

MtuWaMbagala
Dada umenipiga na kitu kizito. GB 3.4! Sasa nyimbo zikiwa ndani ya simu si ndio 128GB inashinda?

DadaHesabu
Wala usidanganyike. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 160 ni kama MB 5. Nyimbo elfu moja ni GB 5. Kwa muziki peke yake hata 64 inatosha. Kinachojaza simu ni video za magrupu ya WhatsApp, na unajua mwenyewe una magrupu mangapi.

MwanaMvita
Salaam kutoka Mombasa. Mie nina kisa. Mwaka jana nilinunua simu isokuwa na lile tundu la duara, ina lile la chaja la Type-C peke yake. Nikaenda kibandani nikatwaa hedfoni za Type-C za bei ya chini kabisa. Nachomeka, kimya. Nikarudi kugombana, yule kijana akachomeka kwenye simu yake, zinalia! Nikaona haya bwana.

Kumbe za Type-C ni aina mbili. Ziko zenye kijichipu ndani cha kugeuza sauti ya dijitali, na ziko zisokuwa nacho, zategemea simu itoe sauti tayari. Simu yangu haitoi. Tundu la duara halina mambo hayo. Wa Mbagala, hizo simu zako mbili zina tundu gani?

MtuWaMbagala
Zote za duara, kaka.

MwanaMvita
Basi umesalimika. Ila hesabu mistari kwenye pini: mitatu ina maiki, miwili haina. Na ukitumia hedfoni za simu za zamani ukasikia ala zote ila mwimbaji yuko mbali kama kisimani, jua nyaya za maiki zimepishana na za simu yako. Finya kitufe cha maiki usikilize, mwimbaji atarudi. Taarabu bila mwimbaji si taarabu.

NesiWaZamu
Naingia kwa lingine. Fundi katamka mpira wa kuziba sikio akapita, na kwangu ndiyo hoja kubwa. Hedfoni isiyoziba inaruhusu kelele za injini na konda ziingie, na besi itoke. Singeli bila besi inabaki kelele za sufuria. Mtu anafanya nini? Anaongeza sauti hadi mwisho, kisha anaingia kwenye mipangilio anapandisha besi, spika ndogo inaanza kukwaruza. Na mimi nimekaa siti ya nyuma yake, wimbo nausikia wote bila kuchangia bando.

Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndiyo salama kwa mtu mzima. Ukipanda juu ya hapo, muda salama unapungua haraka. Masikio yakivuma ukishuka kituoni, umezidisha. Nunua zenye mpira, jaribu saizi zote tatu zinazokuja nazo. Watu wanaacha ile ya kati hata kama inadondoka.

FundiMwenge
Nesi kamaliza. Zenye mpira za waya zinapatikana kwa bei ya chipsi mayai na soda. Usikimbilie zile zenye jina kubwa zinazouzwa juu ya meza barabarani, jina ni la stika.

MtuWaMbagala
Mrejesho wakuu. Nimechukua 128GB. Muuzaji alinuna nilipomwambia afungue redio, akaazima hedfoni za jirani, ikashika stesheni nne humohumo ndani ya fremu. Nikamuomba anipunguzie ile elfu tano ya tofauti, akagoma, akanipa kava. Hedfoni za mpira nimenunua duka la pili, mistari mitatu, nimehesabu mbele yake akanishangaa. Audiomack iko ndani, nimeshusha nyimbo 60 kwa WiFi ya ofisini kabla bosi hajafika.

NesiWaZamu
Na sauti umeweka wapi?

MtuWaMbagala
Nusu, dada. Ila hii mipira inaziba kweli. Leo nimepitilizwa kituo.