Mrejesho: mtu wa tatu kwenye mkataba, nimepata majibu

Wakuu, asanteni kwa michango. Niliuliza kama naweza kudai kupitia mkataba wa mteja na mkandarasi ambao sikuusaini, ila umenitaja kuwa nitalipwa vifaa nilivyopeleka.

Nimekaa na wakili. Kanuni ya zamani inasema mkataba unawabana waliouingia tu. Kwenye kesi ya Tweddle v Atkinson ya 1861, wazazi wa pande mbili walikubaliana kumlipa bwana harusi. Hakulipwa, akashtaki, akashindwa. Ukatili mtupu! Uingereza ililegeza kwa sheria ya 1999: mtu wa tatu anaweza kudai iwapo mkataba unamruhusu waziwazi, au unalenga kumnufaisha na hakuna kinachoonyesha nia tofauti.

Mkataba huu niliouulizia una kipengele karibu na sehemu ya kusaini: "Asiye mhusika hatakuwa na haki yoyote ya kudai." Mlango umefungwa. Lakini nina oda aliyonipa mkandarasi mwenyewe na hati za kupokea mzigo zenye sahihi yake; huo ni mkataba mwingine, kati yangu na yeye, hapo mimi ni mhusika kamili. Barua ya madai imeshakwenda kwake.

Mliotaja bima, huko mtu wa tatu ni yule aliyedhuriwa na mwenye bima. Ni suala jingine.