Naomba ushauri: dada anataka kutengenezewa titi baada ya kukatwa

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Ujiji, Kigoma. Dada yangu alikatwa titi la kushoto kwa saratani, akamalizia mionzi Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa anataka kutengenezewa titi jingine. Shemeji anasema hakuna haja, ila mimi naona mwenye mwili ni yeye.

Daktari alimweleza njia mbili: kuwekewa mfuko wa silikoni ndani ya kifua, au kuchukua nyama na ngozi ya mgongoni ama tumboni. Silikoni upasuaji wake ni mfupi, lakini kwa aliyepigwa mionzi ngozi hukakamaa na matatizo huwa mengi zaidi. Ya tumboni kidonda ni kikubwa, kupona ni wiki kadhaa. Naye ni mchuuzi wa dagaa, kazi yake kubeba matenga! Akitolewa msuli wa mgongoni, mkono utabaki na nguvu zilezile?

Kwa sasa anajaza kitambaa kwenye sidiria, akiinama kinapanda juu.

Aliyepitia hili, au aliyeuguza, anisaidie: mlichagua ipi, bima ililipa, kazini mlirudi lini? Na sidiria zenye titi la bandia zinapatikana wapi, Kigoma au hata Mwanza?